Uzi: Kusoma mekanika na teknolojia ya uzalishaji kwenye komyuniti koleji Marekani. Someni herufi za cheti kabla hamjajisajili

Mleta uzi

Wakuu, salamu kwenu.

Nimekuwa nikipokea ujumbe mwingi wa faragha kutoka kwa vijana walioko Marekani na wengine wanaojiandaa kuja, na swali ni lilelile: "Kaka, nataka uinjinia wa mekanika, chuo kikuu gharama zake siziwezi, nikianzia komyuniti koleji nitafika?" Badala ya kumjibu mmoja mmoja nimeona nilete uzi, wenye uzoefu waongezee, wenye maswali waulize. Ni mrefu, kaeni vizuri.

Jibu ni kwamba utafika. Ila ndani ya jengo moja la koleji, hicho chuo cha miaka miwili, kuna milango miwili ambayo majina yake yanafanana kama mapacha, na ukiingia usiokuhusu unaweza kuja kugundua miaka miwili imeshapita. Mimi ndivyo nilivyogundua.

Nilipofika nilikuwa napakia mizigo ghalani, zamu ya usiku. Nikaenda koleji ya jirani, nikamwambia mshauri wa masomo nataka mekanika. Akanionyesha programu ya teknolojia ya mekanika na uzalishaji. Nikaona neno mekanika, nikasaini siku hiyohiyo. Nilisoma kwa moyo wangu wote, nikahitimu na krediti 64, yaani pointi za kozi nilizofaulu. Nikapeleka karatasi chuo kikuu nikiwa na uhakika naingia mwaka wa tatu. Wakapokea krediti 19: Kiingereza, mawasiliano, uchumi, kemia na kozi moja ya kuchora kwa kompyuta. Fizikia yangu ilikuwa ile isiyotumia kalkulasi, ikakataliwa. Hesabu za ufundi, zikakataliwa. Lethi (mashine ya kukereza), milingi (mashine ya kuchonga kwa kisu kinachozunguka), CNC (mashine zinazoongozwa na kompyuta), metrolojia (elimu ya kupima), vyote nilivyovipenda, havikuhesabiwa hata kimoja. Nilitoka kwenye ile ofisi nikakaa kwenye gari karibu saa nzima bila kuwasha injini.

Sasa sikilizeni hiyo milango.

Wa kwanza cheti chake, yaani shahada ya miaka miwili, kina herufi AS (Associate of Science), yaani sayansi. Huu umetengenezwa kwa ajili ya kuhamia chuo kikuu. Humo utakuta kalkulasi ya kwanza, ya pili na ya tatu, milinganyo tofautishi (differential equations), fizikia inayotumia kalkulasi, kemia, statiki (nguvu kwenye vitu vilivyotulia), dainamiki (nguvu kwenye vitu vinavyosogea), na pengine programu za kompyuta. Karakana ni kidogo sana au hakuna. Ukimaliza, kazini cheti peke yake hakina nguvu kubwa, kwa sababu umefanya nusu ya safari tu.

Wa pili una herufi AAS (Associate of Applied Science), sayansi tumizi. Huu umetengenezwa ili ukihitimu uingie kazini. Unajifunza aljebra na trigonometria, kusoma michoro, sifa za metali, kukereza, milingi, kuandika programu za CNC, kupima, haidroliki na nyumatiki (mitambo inayosukumwa na mafuta au hewa), roboti. Mhitimu anaajiriwa kuwa fundi sanifu, mwandaaji wa programu za CNC, mkaguzi wa ubora, msaidizi wa wainjinia. Ni kazi za heshima. Lakini kozi zake nyingi haziendi kwenye shahada ya uinjinia wa mekanika.

Hii ya milango miwili ina historia. Joliet Junior College ya Illinois, ambayo ndiyo chuo cha umma cha aina hii cha zamani kuliko vyote Marekani, ilianza mwaka 1901 na wanafunzi 6. Wazo lilikuwa kijana asome miaka ya mwanzo ya chuo kikuu akiwa karibu na kwao, kisha ahamie. Mafunzo ya kazi yalikuja kuongezwa na kukua baadaye. Kwa hiyo majukumu mawili yanaishi chini ya paa moja, na mtu wa mapokezi hawezi kujua wewe umefuata lipi kama hukusema.

Naendelea hapo chini na mambo ya karakana.

Chuma_Mbichi

Mkuu, nimesoma mara mbili. Mimi niko muhula wa pili na ndiyo kwanza nimeenda kuangalia: AAS. Je, niache nianze upya?

Mleta uzi

Usiache, mkuu, usifanye uamuzi na moyo unakudunda. Jiulize kwanza unataka kuamka uende kufanya nini. Kama ni kazi ya mikono na akili karakanani, uko mahali pako. Kama unataka kubuni mashine na siku moja uwe injinia mwenye leseni, muone mshauri wiki hii ubadilishe programu, ukiwa umebeba kozi zinazoingia pande zote mbili kama Kiingereza na kemia.

Kuna na njia ya kati ambayo wengi hawaijui: shahada ya miaka minne ya teknolojia ya uinjinia. Vyuo vikuu kadhaa hupokea AAS karibu yote na kukuongezea miaka miwili. Hapo inabidi uelewe ABET, chombo kinachokagua programu za uinjinia. Kinakagua programu, si chuo kizima, kwa hiyo usiridhike ukiambiwa "chuo chetu kina ABET". Tena kina tume tofauti: moja ya uinjinia, nyingine ya teknolojia ya uinjinia, na hii ya pili inakagua hata programu za miaka miwili. Viwandani mara nyingi wahitimu wa pande zote mbili wanakaa meza moja. Tofauti inauma kwenye leseni ya injinia: kuna majimbo yanayomtaka mtu wa teknolojia awe na miaka mingi zaidi ya kazi, na mengine hayamruhusu kabisa. Angalia sheria za jimbo lako kabla ya kuchagua.

Mleta uzi

Sasa karakana. Hapa naomba mnivumilie, maana ndiyo sehemu iliyonibadilisha.

Siku ya kwanza hatukugusa mashine yoyote. Mwalimu alitueleza kwa nini glavu hazivaliwi mbele ya mashine inayozunguka: glavu ikinaswa haichaniki upesi, inavuta mkono mzima. Pete nje, mikono ya shati juu ya viwiko, nywele zifungwe, miwani ya usalama muda wote hata kama wewe unapita tu. Halafu akaushika ule ufunguo wa kukazia taya za lethi akasema: ukiuachilia mkono ukiwa umechomekwa kwenye mashine, hata kama mashine imezimwa, leo umemaliza kipindi, nenda nyumbani. Hakuwa anatania. Mwenzetu mmoja aliondoka saa tatu asubuhi. Mashine ikiwashwa na ufunguo umo ndani, unaruka kama jiwe la kombeo, na anayesimama mbele ni wewe.

Wiki zilizofuata ilikuwa jiliwa na tupa. Kipande cha chuma cha pua, ukifanye kiwe mraba kwa mkono. Nililalamika moyoni, nimekuja kusoma mekanika napiga tupa? Lakini baada ya siku kadhaa kiganja kinaanza kukwambia chuma kiko juu wapi kabla kipimo hakijasema.

Ndipo lethi. Swali la kwanza ni mwendo wa kuzunguka, na hapo ndipo hesabu inapoingia karakanani kwa miguu yake yenyewe. Chuma laini ukikikata kwa kisu cha HSS (chuma kigumu cha kutengenezea visu vya mashine) unaanzia mita 30 hivi kwa dakika. Kama kipande kina kipenyo cha milimita 25, unazidisha 30 kwa 1000, unagawanya kwa pai mara 25, unapata mizunguko 382 hivi kwa dakika. Karakana nyingi za Marekani bado zinatumia inchi na futi: futi 100 kwa dakika, mara 3.82, gawanya kwa kipenyo cha inchi 1, unarudi kwenye 382. Kisha ukikata, kipenyo kinapungua, kwa hiyo kasi ya kukata nayo inapungua hata kama mzunguko haujabadilika. Ukilielewa hilo, unaelewa kwa nini mashine ya CNC inapewa amri ya kuongeza mzunguko yenyewe kisu kikielekea katikati.

Zoeeni inchi mapema. Fundi akisema "thau" anamaanisha sehemu moja ya elfu ya inchi, ambayo ni milimita 0.0254. Mimi nilikulia kwenye milimita, nikateseka muhula mzima mpaka nilipoacha kutafsiri kichwani na kuanza kufikiri kwa inchi moja kwa moja.

Na jambo ambalo hakuna kitabu kilichoweza kunifundisha ni kwamba hakuna kipimo kamili. Mchoro haukwambii tengeneza 50. Unakwambia tengeneza 50 na unaruhusiwa kukosea kiasi hiki, huku na huku. Kila ukibana huo uhuru wa kukosea, kipande kinapanda bei: mashine bora zaidi, muda mrefu zaidi, ukaguzi zaidi. Nimekuja kufanya kazi na wainjinia wenye shahada nzuri ambao huandika uhuru wa kukosea wa thau moja kwenye tundu la kupitisha waya tu. Hawana nia mbaya. Hawajawahi kusimama mbele ya lethi wakiitafuta hiyo thau moja.

Mzee wa Kerezo

Kijana umesema vema. Mimi nina miaka mingi kwenye mashine, naomba niongeze moja kuhusu kupima.

Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa anatoboa nyumba ya beringi kwenye alumini, kipenyo milimita 100. Akapima hapohapo kisu kilipotoka, akapata 100.00, akafurahi. Nikamwambia kakipime tena baada ya chakula. Alivyorudi kilikuwa kimepungua karibu milimita 0.05 na beringi haikuingia. Hakuna aliyekigusa. Alumini ikipata joto hutanuka kama sehemu 23 kwa milioni kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, na kile kipande kilikuwa na joto la nyuzi 20 hivi zaidi ya chumba. Pigeni hesabu muone. Chuma cha kawaida kinatanuka kama nusu ya hapo, lakini kinatanuka. Ndiyo maana vipimo vya viwandani duniani vinahesabiwa kwenye nyuzi 20, na chumba cha metrolojia kina baridi isiyobadilika. Msiogope kusubiri.

Mleta uzi

Shikamoo mzee wangu, na asante. Hiyo habari ya tundu kupungua likipoa wengi wanaikosea, wanadhani chuma kikipata joto tundu linaziba. Linapanuka pamoja na kipande chote.

Binti_Karakana

Habari zenu. Nina maswali mawili. La kwanza, hesabu: niliacha shule muda mrefu, je, nitaweza? La pili, darasani kwetu wasichana tuko wawili tu na kuna wenzetu wanatunyang'anya mashine kila kipindi cha vitendo, eti wanatusaidia.

Mleta uzi

Dada yangu, karibu sana.

Naanza na la pili kwa sababu ndilo zito. Anayekusaidia kwa kushika usukani wa mashine amechukua somo lako. Mwambie wazi, "nielekeze kwa maneno, mikono ni yangu". Akirudia, mwambie mwalimu, na usisubiri mwisho wa muhula, kwa sababu saa za mashine hazirudishwi. Kwetu mwalimu aliweka daftari la zamu baada ya dada mmoja kusema, na tulionufaika tulikuwa wengi, hata sisi wanaume wapole tuliokuwa tunasukumwa pembeni.

Kuhusu hesabu: koleji itakupangia kiwango kwa mtihani au kwa rekodi zako za shule. Usione aibu kuanzia chini. Aibu iko kwenye kuruka ngazi kisha kufeli kalkulasi mara mbili. Na utaona kwamba karakana inafundisha hesabu kuliko ubao. Chukua flanji (bamba la mviringo la kuungia kwa bolti) yenye matundu sita kwenye duara la nusu kipenyo cha milimita 50. Mashine haijui digrii 60, inajua kwenda kushoto, kulia, mbele na nyuma. Tundu lako la pili liko wapi? Kosaini ya 60 mara 50 ni 25, saini ya 60 mara 50 ni 43.30. Umeshapata. Nilikaa na trigonometria miaka minne sekondari bila kujua ni ya nini, nikaielewa mchana mmoja kwa sababu ya bolti sita.

Kuna na ile lugha ya alama za michoro, ASME Y14.5. Watu wanaiogopa, lakini msingi wake ni wa busara sana. Ukisema tundu liwe mahali pake kwa kukosea milimita 0.1 kila upande, umechora mraba mdogo. Lakini kwenye pembe za huo mraba tundu limeshakwenda umbali wa 0.14 na bado linakubalika, wakati likienda moja kwa moja kushoto au kulia linakataliwa likizidi 0.1. Bolti ni ya mviringo, haijui pembe nne. Ukitumia duara linalogusa zile pembe, unapata eneo kubwa kwa asilimia 57, vipande vingi vinapona, na vyote vinaunganika. Siku nilipoelewa hilo nilimpigia mke wangu simu kumweleza, akanisikiliza mpaka mwisho, Mungu ambariki.

Msafiri_F1

Mkuu, mimi bado niko nje, nataka kuomba viza ya mwanafunzi. Njia hii inanifaa?

Mleta uzi

Inaweza kukufaa, ila kanuni zako si sawa na za mwenye kadi ya ukaazi. Mwenye kadi anaweza kuomba ruzuku ya Pell ya serikali, ambayo kiwango chake cha juu kwa mwaka wa masomo 2024/25 kilikuwa dola 7,395, na haina kurudisha. Ina kikomo cha maisha: sawa na mihula 12 ya kusoma kikamilifu. Kila kozi unayorudia inakula humo, ndiyo maana nalia na habari ya milango. Wewe wa F-1, yaani viza ya kawaida ya mwanafunzi, huna hiyo ruzuku, utalipa ada ya mgeni, lazima usome kikamilifu, na kazi ni ndani ya chuo tu kwa kuanzia, isiyozidi saa 20 kwa wiki masomo yakiendelea.

Mambo mawili uyashike. Ukihitimu shahada ya miaka miwili unaweza kuomba kibali cha mafunzo ya kazi cha miezi 12, lakini ile nyongeza ya miezi 24 ya watu wa sayansi na uinjinia inataka uwe na shahada ya kwanza au zaidi. Hivyo kwa wengi wa F-1 AS ya kuhamia ina maana zaidi kuliko AAS. Pili, angalia fomu yako ya I-20, ile unayopewa na chuo, imeandikwa viza gani. Baadhi ya mafunzo ya ufundi hutolewa kwa M-1, na mwenye M-1 haruhusiwi kugeuka F-1 akiwa ndani ya Marekani. Hizi kanuni huguswa mara kwa mara, thibitisha na ofisi ya wanafunzi wa kimataifa kabla ya kulipa chochote.

Mtazamaji

Samahani mleta uzi, lakini tuseme ukweli. AAS ni ya walioshindwa hesabu. Injinia ni injinia, fundi ni fundi.

Mleta uzi

Hapana mkuu, hapo sikubaliani nawe, na nasema kwa heshima. Nimekaa pande zote mbili. Baada ya kukataliwa nilirudi koleji ileile nikasoma kalkulasi yote usiku, nikahamia, nikamaliza shahada ya uinjinia. Fundi aliyenifundisha CNC aliweza kusikiliza sauti ya kisu akajua kimechakaa kabla kipande hakijaharibika. Hiyo ni elimu. Kuna vijana walioingia mafunzo ya uanagenzi yaliyosajiliwa, saa 8,000 kazini kwa miaka minne hivi pamoja na madarasa ya koleji, wakilipwa tangu siku ya kwanza, na leo hakuna injinia kiwandani anayetoa mchoro bila kupita kwao. Mtu akichagua njia hiyo akiwa anajua anachokichagua, amechagua vizuri. Kilichoniumiza mimi ni kuingia bila kujua.

Chuma_Mbichi

Nimerudi. Nimepata miadi na mshauri kesho asubuhi. Nimuulize nini hasa?

Mleta uzi

Vizuri sana. Usimuulize "je, kozi hizi zinahamishika?" Atakujibu ndiyo, na atakuwa sahihi, kwa sababu kila kozi inahamishika mahali fulani. Taja chuo kikuu unachokitaka na shahada kwa jina lake kamili, kisha omba makubaliano ya maandishi kati ya koleji na chuo hicho, yanayoonyesha kozi hii inapokelewa kama ipi kule. Yaangalie yana mwaka gani. Halafu ukiwa nyumbani mwandikie mtu wa udahili wa chuo kikuu chenyewe umtumie orodha hiyohiyo, majibu yakae kwenye barua pepe.

Muulize fizikia yako inatumia kalkulasi au haitumii. Muulize statiki inafundishwa muhula gani, maana koleji ndogo huifundisha mara moja kwa mwaka, ukiikosa umesubiri miezi kumi na miwili. Na usifute muhtasari wa kozi yoyote uliyosoma. Mimi kozi yangu ya metali ilikuja kupokewa baadaye kwa sababu nilikuwa nimehifadhi kurasa sita za mada na vitabu tulivyotumia, profesa akazipitia akaridhika.

Ukitoka huko tuwekee hapa orodha waliyokupa, tuipitie pamoja kabla hujasajili. Mzee wa Kerezo, wewe angalia upande wa karakana, mimi nitaangalia hesabu.